Kipimo cha Dharau

Kwanza niseme wazi, mimi si mwoga. Nyoka nimeshaua kwa ndala, mwizi nimeshamtimua kwa ufagio, na mkurugenzi wetu, ambaye wanaume wazima wenye ndevu zao wanamkwepa kwenye korido, mimi humjibu hapohapo. Lakini siku ile niliogopa mpaka meno yakagongana mdomoni, mchana kweupe, jua linawaka. Na kilichonitia hofu kilikuwa kete za sataranji zilizochorwa kwenye skrini.

Kazi yangu ni kuifundisha programu namna ya kucheza. Si kucheza vizuri, hilo ilishalijua kabla sijaajiriwa. Kampuni yetu ilikuwa imetangaza pambano: programu yetu dhidi ya mabingwa wakuu, mmoja mmoja, ukumbini, watu wakitazama. Mkurugenzi hakutaka ushindi wa kawaida.

"Mashine kumshinda mtu, siku hizi hiyo ni habari?" alituuliza kikaoni. "Mimi nataka imjue mtu. Kila bingwa akikaa pale ajione kama anacheza na mtu aliyekuwa amejificha chini ya kitanda chake."

Makubwa! Lakini ndiye mkurugenzi, ungemwambia nini? Basi tukawa tunailisha programu michezo ya kila bingwa, hasa ya karibuni, mpaka inaweza kukisia huyu atacheza nini na wapi huwa anateleza. Kisha haichagui tena hatua iliyo bora kuliko zote, inachagua ile itakayomsumbua yule mtu mwenyewe. Anayependa kushambulia tunamfungia milango mpaka achoke. Anayependa utulivu tunamwashia moto. Na kuna namba moja ambayo sisi ofisini tunaiita dharau. Ukiipandisha, programu inamchukulia mpinzani kama mtoto, inamtegea mitego ya waziwazi kwa kuamini hataiona. Ukiishusha, inamheshimu na kucheza kwa adabu zake zote.

Sasa, katika hao mabingwa wakuu mmoja alikuwa baba mkwe wangu. Mtaa mzima wanamwita Bingwa, hata muuza mkate. Nilimwendea mkurugenzi nikamwambia huyu ni mkwe wangu, mpe mtu mwingine amshughulikie. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Ndiyo vizuri! Kikulacho ki nguoni mwako. Endelea."

Tunaishi naye, Bingwa. Tangu mama mkwe alipofariki alihamia chumba cha mbele na mbao zake na saa yake ya mchezo, na gari lake kuukuu la rangi ya maziwa ambalo huliosha kwa bidii kuliko anavyojiosha mwenyewe. Kazi moja aliiomba mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya: kumpeleka na kumrudisha shule mjukuu wake, binti yetu wa darasa la kwanza. Tunamwita Kasuku, maana kunyamaza hajui. Babu na mjukuu wale ni chanda na pete. Nimesema mara mia mtoto akae kiti cha nyuma, na mara mia nimemkuta kiti cha mbele, kidevu juu, kama bosi anayeendeshwa.

Basi wiki ile programu ikaanza utovu wa adabu.

Nilikuwa naichezesha michezo ya mazoezi dhidi ya kivuli cha mkwe wangu, yaani ile picha yake iliyojengwa kutokana na michezo yake. Kivuli kikicheza nyeupe, programu inamvuta malkia wake yenyewe au askofu wake mpaka ukingo wa kushoto wa skrini, inamwacha pale wazi kabisa akilenga kete isiyo na mlinzi. Mtego ambao mtu aliyejifunza sataranji juzi angeuona. Kivuli kikicheza nyeusi, mchezo uleule, lakini safari hii ukingo wa kulia. Na kila mara programu inakadiria kwa uhakika mkubwa: hataona.

Nilipandwa na hasira. Bingwa mkuu mzima! Mzee wa watu! Nikaishusha dharau. Ikaendelea. Nikaishusha hadi sifuri, ikaendelea. Nikaipeleka chini ya sifuri, mahali ambapo programu inatakiwa karibu ipige magoti mbele ya mpinzani, nayo inaniletea malkia palepale ukingoni. Nikaona hizi ni hitilafu mbili tofauti, moja ya kushoto kwa nyeupe na nyingine ya kulia kwa nyeusi, nikaanza kuitibu ya kwanza. Sikutaka mkwe wangu akae mbele ya watu achezewe kihuni na kitu nilichokifundisha mimi.

Mchana ule nikamwita Simenti anisaidie. Simenti ni mwenzangu ofisini, pande la mtu, zamani alikuwa anafundisha sataranji mashuleni. Jina hilo alipewa kwa sababu akishajenga ukuta wake mbele ya mfalme hupiti, utazeeka hapo. Skrini hazipendi. Aliweka ubao wa mbao mezani, akakaa upande wa nyeusi akijifanya Bingwa, mimi nikawa namsomea hatua za programu.

"Dada, hii programu yako ina kiburi," alisema malkia alipofika ukingoni. "Inanitolea malkia hadharani hivi? Mimi?"

"Si wewe, ni mkwe wangu."

"Basi ina kiburi na haina haya."

Simu yake ikaita, akatoka koridoni. Joto lilikuwa kali na feni ilikuwa inaelekea kiti chake, nikaenda kukaa pale nipate upepo. Nikautazama ubao. Malkia wa programu alikuwa karibu na kiwiko changu. Kiwiko cha kushoto.

Nikatazama skrini. Pale malkia alikuwa kulia. Nikatazama ubao tena. Kushoto.

Sisi wa kazi hii tuna zoea moja: ubao tunautazama nyeupe ikiwa chini na nyeusi juu, hivyo hivyo unavyochorwa vitabuni, asubuhi hadi jioni, miaka nenda miaka rudi. Hakuna anayehangaika kukaa upande wa pili. Niliifungua michezo ambayo kivuli kilicheza nyeupe, nikaipanga ubaoni huku nimekaa kwenye kiti cha nyeupe. Kushoto tena. Nikarudia mchezo mwingine, na mwingine. Hazikuwa hitilafu mbili, kilikuwa kitu kimoja. Awe na nyeupe, awe na nyeusi, balaa linamjia kutoka mkono wake wa kushoto, naye haoni.

Mchezaji anaweza kuwa na upande dhaifu, ndiyo. Lakini upande wa mchezo hubadilika ukibadilisha rangi, ule uliokuwa kushoto kwako unakuwa kulia. Mkono wa kushoto wa mtu haubadiliki. Kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye mchezo wake. Ulikuwa mwilini mwake.

Simenti aliporudi alisimama mlangoni. "Vipi, umeona jini?"

Nikamwonyesha. Alikaa kwenye kompyuta akaichezesha programu kwa michezo ya mkwe wangu ya zamani tu, ile ya miaka ya nyuma. Adabu tupu, hakuna malkia wa ukingoni. Akaifuta, akaipa ile ya miezi ya karibuni peke yake. Malkia huyoo, moja kwa moja kushoto.

"Anacheza kwa kumbukumbu," alisema polepole. "Kete ambazo anajua ziko wapi anazikumbuka, kichwa chake ni kikubwa. Lakini kinachohamia kushoto baada ya hapo, hakioni." Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Dada, mjomba wangu alikuwa hivi baada ya kiharusi kidogo. Analalamika amenyimwa nyama, na nyama ipo, upande wa pili wa sahani. Macho mazima. Kumbe tatizo liko kichwani."

Nikaanza kukumbuka mambo, na kila nililokumbuka lilinichoma. Kioo cha pembeni cha gari kilichofungwa kwa gundi ya karatasi, upande wa kushoto, akisema kuna mpumbavu kamgonga kwenye maegesho. Vikombe vya chai anavyovipiga kumbo, vyote nilivyomwekea kushoto, nami nikawa nafyonya kimoyomoyo kwamba mzee kawa mzembe. Siku niliyomwamkia koridoni akanipita kama mlango. Nilinuna! Nikamwambia mume wangu baba yako ananichukia. Kumbe nilisimama upande usiokuwepo.

Kisha nikatazama saa ya ukutani. Shule ilikuwa imeshatoka.

"Kasuku," nikasema. Simenti hakuelewa. "Ndiye anayemwendesha mtoto wangu! Sasa hivi! Wako barabarani!"

Nilibonyeza namba ya mkwe wangu, ikaita mara moja, nikaikata haraka. Je, akigeuka kuitafuta simu? Je, mimi ndiye nikawa sababu? Nikakosea namba ya shule, nikampata mtu anayeuza matofali. Nilipowapata shule, mwalimu alikuwa mchangamfu kweli.

"Ameshachukuliwa na babu yake, mama. Leo walikuwa na michezo, kachoka huyo, alikuwa anasinzia hata kabla hajafika kwenye gari."

Nikampigia mume wangu, fundi wa mitambo ya maji, kazini kwake kote makelele ya pampu.

"Baba? Haoni?" akacheka. "Baba anaona siafu juu ya paa! Nani kakuambia?"

"Programu."

"Nani?"

"Programu! Kushoto haoni, nimekaa kwenye kiti chake nimeona mwenyewe, na amembeba mtoto!"

"Unalia?" akauliza.

"Silii!"

"Unalia. Naja."

Kuja kwake kulikuwa safari ndefu, angefika jua limeshageuka. Sikumsubiri. Nilishuka ngazi mbilimbili nikamkuta kijana, hapana, mtu mzima tu wa makamo, ameegemea pikipiki yake anachokonoa meno. Nikapanda kabla hajaniuliza niendako.

"Mama, unakwenda kumfumania mtu?"

"Ondoka! Barabara ya shuleni, kisha ile ya kuingia kwetu. Nikiona gari la rangi ya maziwa nitakuambia."

"Basi ni kufumania," alisema, akaondoka.

Bingwa ni mtu wa njia moja. Hachukui njia ya mkato, hapiti uchochoro, kila siku barabara ileile kwa mwendo uleule wa konokono ambao mimi huwa naucheka. Leo nilikuwa namshukuru Mungu kwa ukonokono huo, na papo hapo naona jinsi usivyosaidia kitu. Macho yangu yalikuwa yanahesabu vya kushoto tu. Mama mwenye ndoo, kushoto. Wanafunzi wameshikana mikono, kushoto. Baiskeli, mkokoteni, mbuzi, fundi viatu na kibanda chake, kushoto, kushoto, kushoto. Dunia nzima siku hiyo ilikuwa imehamia upande ule. Kila penye watu watatu wamesimama pamoja niliona wamezunguka kitu.

Tuliwaona baada ya daraja. Lile gari, linatambaa zake, linang'aa. Nikampiga dereva bega, akasogea akapita kushoto kwa gari mpaka tukawa sambamba na kioo. Ningenyoosha mkono ningeligusa.

Kasuku alikuwa amelala. Shavu limejibana kwenye kioo, mdomo wazi, mkanda umempita shingoni. Na ng'ambo yake mkwe wangu, wima kwenye usukani, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba! Simama!"

Nilipunga mkono wote. Dereva akapiga honi. Kwenye gari lile mzee hatikisiki, vioo vimefungwa, redio yake naisikia inaunguruma ndani. Mwanamume aliyekuwa anasukuma mkokoteni mbele yetu alitazama gari linavyomjia, akaona halimkwepi, akaurusha mkokoteni kwenye nyasi na yeye akaufuata. Bingwa akapita kwa raha zake. Hakupunguza wala hakugeuka.

"Mama, huyu mzee ana macho kweli?" dereva alifoka.

Sikuwahi kumjibu. Tulikuwa tumefika kona ya kuingia mtaani kwetu, na kona yetu ni ya kushoto. Gari likatukatia. Likaja tu, taratibu, ubavu wake wote mweupe ukatujaa usoni. Niliona uso wa mwanangu unanisogelea umelala. Dereva akakanyaga breki, pikipiki ikateleza, tukaenda chini kwenye kokoto mimi na yeye na kiatu changu kikaenda kwingine.

Sikumbuki maumivu. Nakumbuka nilivyoinua kichwa nikaliona gari linaondoka kwenye barabara yetu nyembamba, ile ambayo watoto wa jirani huchezea mpira kandokando mwake. Nikamuuliza dereva mzima, akasema mzima, nikamwambia samahani, anifuate nyumba ile ya geti la kijani nimlipe, nikaanza kukimbia na kiatu kimoja. Nilikimbia huku nimetega sikio kwa mlio nisiotaka kuusikia. Kila hatua nasema sasa. Sasa. Sasa. Sijawahi kuogopa namna ile na naomba nisirudie.

Gari lilikuwa uani. Limesimama upande, gurudumu la kushoto liko juu ya maua yangu. Ndani ya nyumba Kasuku amejinyoosha kwenye kochi na sare zake za shule, anapikicha macho, anauliza kuna nini cha kula. Mzima, hana hata mkwaruzo. Nilimkumbatia mpaka akalalamika namuumiza, nikakaa sakafuni naye.

Bingwa alikuwa mezani kwake anapanga kete. Aligeuza kichwa chote ndipo akaniona.

"Mbona umechafuka hivyo, mwanangu? Goti hilo! Umeanguka wapi?"

"Hapo kona, Baba. Na pikipiki."

"Hawa wa pikipiki hawana macho," akasema kwa masikitiko ya kweli.

Hapo sasa. Mimi ninayemjibu mkurugenzi, ulimi ulinigandia. Mkwe ni mkwe. Unamwambiaje baba wa mumeo, bingwa mkuu, mtu ambaye magazeti yamemwandika, kwamba haoni na nusura aue? Nikaburuta kiti nikakaa mbele yake.

"Baba, tucheze kidogo. Kuna kitu cha kazini nataka kukijaribu."

Uso ukamkunjuka. "Karibu! Chukua nyeupe, uanze wewe, nisije kuambiwa nimemwonea mkwe."

Nilicheza hatua za programu, nilikuwa nimeshazikariri kwa kuzikasirikia. Alicheza vizuri mzee, ananikaba huku anavuma kiwimbo puani. Nikaanza kuomba Mungu niwe nimekosea. Kasuku akaja na kipande cha mkate, akasimama pale anapopenda kusimama, ubavuni kwa babu yake, upande wa kushoto, ameegemea mkono wa kiti. Nikamshika malkia wangu nikamvuta mpaka ukingoni, kushoto kwake, akilenga ngome isiyo na mlinzi. Nikamwachia.

Bingwa akatabasamu. Akanyoosha mkono akamwinua farasi wake wa upande wa pili kabisa.

"Babu," Kasuku akasema kwa sauti ya chini, anatafuna. "Kushoto."

Mkono wa mzee ukasimama hewani. Akageuza kichwa kizima, akamwona malkia.

Nikamtazama mtoto. "Nani kakufundisha sataranji wewe?"

"Sijui sataranji, mama. Mimi namwambia tu kama kuna kitu kushoto. Kama kwenye gari."

"Kasuku!" Bingwa alisema.

"Kwenye gari unamwambiaje?" nikauliza.

Akamtazama babu yake, akanitazama mimi, akatazama damu gotini kwangu. "Namwambia baiskeli. Namwambia mtu. Namwambia Babu rudi katikati. Ndiyo maana nakaa mbele." Kisha akakumbuka, akajiziba mdomo na mkate. "Ni siri yetu."

Mtoto ambaye hawezi kunificha hata zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa. Miezi yote ile alikuwa ameibeba hiyo, kila asubuhi na kila mchana, macho kodo, analiongoza gari.

Bingwa alimrudisha farasi mahali pake, taratibu. "Kichwa kiliniuma siku moja," alisema akiongea na ubao. "Mlikuwa kazini. Nililala, nikaamka, dunia imekatwa nusu. Nikasema itapita. Nikigeuka naona, si kwamba sioni. Ningesema, mngechukua ufunguo. Kesho mngechukua ubao. Keshokutwa mnanitolea kiti nje nikaote jua. Niliogopa, mwanangu."

Nilitaka kumhurumia. Wallahi nilitaka. Lakini Kasuku alikuwa bado anawaza mambo yake.

"Lakini leo mimi nililala," alisema. "Babu, leo nani alikuwa anakuambia?"

"Hakuna mtu," mzee akasema. "Ulilala tu tulipotoka getini. Niliona nikikuamsha ni kukutesa, na nikisimama watu watauliza. Nikasema nitakwenda polepole."

Hapo nikalipuka. Nilisimama kiti kikaanguka, nikampigia kelele baba mkwe wangu jinsi ambavyo sijawahi kumpigia hata mbwa aliyeingia jikoni. Nilimwambia ulijua! Ulijua huoni, ulijua amelala, ukatia gia! Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayarudia. Ile hofu yote ya barabarani ilikuwa inatoka mdomoni na haikuisha, kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu nilikuwa nauona ule uso umelala kwenye kioo unanisogelea. Kasuku hajazoea kumwona mama yake hivyo mbele ya babu. Aliteleza nyuma ya kiti, akazunguka meza, akaja kushika sketi yangu kutoka nyuma.

Nilipoishiwa pumzi mzee alikuwa ananitazama goti.

"Hapo kona," alisema. "Hiyo pikipiki. Ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Ulikuwa upande gani?"

"Nilikuwa ubavuni kwako. Nilikuwa nakuita."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Akatoa ufunguo wa gari kwenye mfuko wa shati, akauweka ubaoni katikati ya kete, na machozi yakamtoka bila sauti, mzee mzima. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto pembeni ya kiti kumtafuta mjukuu wake, huku macho yake yako kwangu. Mkono ukapapasa, ukagusa mbao za kiti, ukapapasa tena.

"Hayupo hapo, Baba," nikamwambia. "Yuko huku kwangu."